Skrubu Nne za Baba Mdogo Thadeus

Kabla ya operesheni, baba mdogo Thadeus akitoka buchani kwake kwenda barabarani alikuwa anasimama simama njia nzima. Anashika ua wa mtu, anainama mbele kidogo kama anatafuta kitu kimedondoka, anasubiri mguu wa kushoto umrudie, halafu anaendelea. Mwanzoni watu wa kijijini kwetu Kilema walikuwa wanamtania, "Meku," yaani mzee, "umepoteza nini?" Anawajibu, "Ujana." Baadaye wakaacha kuuliza. Na yeye alikuwa hana tena hamu ya kujibu.

Ni mdogo wake baba yangu, na kazi yake ni kuchinja. Siongelei bucha peke yake. Yeye ndiye mchinjaji wa ukoo. Kwetu ng'ombe wa ukoo hapewi mtu yeyote tu mwenye kisu, maana kila kipande kina mwenyewe, na ukikosea kugawa utasemwa mpaka sikukuu nyingine ikukute. Kidari kina mtu wake. Shingo ina mtu wake. Mgongo wa chini, pamoja na mfupa wake, ni wa binti mkubwa wa ukoo, yaani shangazi Apolonia, dada yake baba mdogo. Huo mgongo anaupikia mtori wa ndizi, na huo mtori hagawi ovyo.

Sasa kuchinja kwenyewe kunafanyika chini. Ng'ombe analazwa juu ya majani ya mgomba, anachunwa pale pale, na anayechuna anakuwa kaukunja mgongo tangu mwanzo mpaka mwisho. Baba mdogo kaukunja hivyo tangu hajaoa. Mgongo ukachoka. Hospitali kubwa mjini wakampiga picha, daktari akamwonyesha kwenye kioo: pingili moja ya chini imeteleza mbele, imekaa juu ya mwenzake kama tofali lililopangwa na fundi mlevi. Inabana mishipa ya fahamu inayoshuka mguuni. Ndiyo maana ule moto kwenye paja, ndiyo maana ile ganzi ya unyayo mpaka ndala inamvuka bila yeye kujua.

Dawa alishameza, mazoezi alishafanya, mkanda alishavaa mpaka ukalegea. Daktari akasema kilichobaki ni kuzifunga hizo pingili mbili ziwe kitu kimoja. Skrubu nne, vyuma viwili, na mfupa kidogo wa kupandikiza pale katikati. Baba mdogo akasikia skrubu. Huo mfupa wa kupandikiza haukumwingia kichwani kabisa.

"Lucky," aliniambia tukirudi, "wanataka kunifunga skrubu kama pikipiki yako."

"Pikipiki yangu inatembea, baba mdogo."

"Na kila siku uko kwa fundi."



Hiyo pikipiki ndiyo iliyonikutanisha na Rukaiya. Mimi shule niliachia kidato cha pili, nikapandisha mizigo ya wazungu mlimani, nikauza mitumba, nikachoka vyote, nikaishia kubeba abiria. Rukaiya ni injinia, mtoto wa Soweto, mtaa wa hapo mjini, babu yake alikuwa fundi viatu anajulikana. Siku ya kwanza nilimpeleka machinjioni, akatoka kanuna. Nikamwuliza, dada, umeibiwa? Akasema anatafuta mgongo wa ng'ombe, mzima, pingili zote na kano zake. Kule wanampasua ng'ombe katikati kwa shoka, kwa hiyo kila mgongo ni nusu mbili.

"Wa kupika?"

"Wa kupima."

Akanieleza. Wagonjwa wa huku kwetu wakishafungwa hizo skrubu hawaendi kukaa ofisini. Wanarudi shambani, wanakata majani ya ng'ombe, wanabeba ndizi, wanapanda na kushuka mlima. Vipimo vingi vinavyosomwa vitabuni vimefanywa kwa kufikiria mtu wa kiti na meza. Yeye anataka kujua skrubu inavumilia vipi mtu anayeinama siku nzima, inaanza kulegea upande gani, na ile pingili ya juu yake inaumia kiasi gani. Huwezi kumwinamisha mtu mpaka skrubu ilegee. Kwa hiyo ng'ombe.

"Mimi nina baba mdogo," nikamwambia.

Baba mdogo alikubali haraka mpaka nikashangaa. Baadaye nikaelewa. Alikuwa na maswali ambayo kumwuliza daktari aliona aibu, akawa anayatuma kwangu kama mzigo. Kwamba hizo skrubu zina kutu? Kwamba mtu akipigwa na baridi, chuma si kinaganda ndani? Rukaiya anacheka, lakini anajibu kila swali, na mimi napandisha majibu mlimani.

Migongo ya mwanzo ilitoka buchani, ya ndama. Rukaiya akasema mifupa laini mno, skrubu inaingia kama kwenye ndizi, anaomba ng'ombe mtu mzima. Basi ikafika sikukuu ya Krismasi, ukoo wote umerudi, wa Dar, wa Arusha, wa Mwanza, pombe ya mbege imeiva, na ng'ombe wa ukoo alikuwa jike mzee mwenye mifupa kama reli. Nilimwona baba mdogo anavyomwangalia. Alimchuna kwa kupumzika pumzika, goti moja chini, jasho linatoka na baridi yote ile. Alipofika mgongo wa chini akautoa mzima, akavua nyama pande zote mbili vizuri kabisa, hajagusa kano hata moja. Nyama akaipanga juu ya jani, akampelekea dada yake. Mfupa akaufunga kwenye kiroba.

"Shusha mjini," akaninong'oneza. "Nyama si kapata? Mfupa nani ataulizia?"

Mtu aliyegawa nyama ya ukoo maisha yake yote, akaniambia maneno hayo. Mimi naona ni maumivu. Yanamtoa mtu akili.

Nimerudi kutoka mjini nakuta shangazi Apolonia kasimama katikati ya kihamba, shamba letu la migomba, lile jani la nyama kalishika mikononi kama mtu kaletewa msiba.

"Thadeus! Hii ni nini?"

"Nyama yako, dada."

"Nyama isiyo na mfupa ni ya mgonjwa. Mimi naumwa?"

"Dada, punguza sauti, kuna wageni."

"Wageni wa wapi? Hawa wote nimewafunga nepi! Mgongo wangu uko wapi? Umempa mke wako?"

Mke wake, Aikande, aliyekuwa anakoroga kisusio, ile supu ya damu, jikoni, akatoa kichwa. "Wifi, mimi usinitie. Mimi mwenyewe nimepewa kwato."

Watu wakacheka, na hicho kicheko kikamkasirisha shangazi zaidi. Akaweka jani chini. Akasema yeye hali mpaka mgongo urudi, na kama umeuzwa basi ukoo umeuzwa. Baba mdogo alikuwa kashika mti wa mparachichi, kanyanyua ule mguu mmoja kama kuku wa mvua. Nikajua hana ubavu wa kubishana.

Kesho yake asubuhi akashuka mjini mwenyewe, kalala kiti cha nyuma cha Noah ya Eliakim, jirani yetu, mimi nyuma na pikipiki. Rukaiya alikuwa kazini sikukuu au si sikukuu. Chumba chake cha majaribio kiko nyuma ya karakana, kina harufu ya mafuta ya mashine na ya buchani pamoja. Baba mdogo alivyoingia akavuta pumzi, nikaona uso wake umetulia kidogo, kama kafika kwake.

"Shikamoo, baba. Karibu kiti."

"Marahaba, mwanangu. Sikai, nikikaa sitanyanyuka. Nimefuata mgongo. Una mwenyewe."

"Mwenyewe si wewe?"

"Ni wa dada yangu. Nilikosea."

Rukaiya akashika kichwa. "Baba, nimeshautoboa. Upo kwenye mashine tangu usiku."

Akatuonyesha. Pingili chache zimekaa wima, juu na chini zimezamishwa kwenye gundi ngumu kama zimejengewa. Katikati skrubu nne na vyuma viwili vinang'aa. Kila pingili imebandikwa kidoti, na kamera inavifuata hivyo vidoti. Mashine inausukuma mgongo mbele taratibu, inaurudisha. Mbele, inaurudisha. Mara moja moja Rukaiya anaupulizia maji ya chumvi usikauke. Hakuna kelele, ni mlio mdogo tu kama mtu anayeguna usingizini.

Baba mdogo akaegemea meza, akatazama. Alitazama muda mrefu, mpaka nikatoka kuvuta hewa na kurudi, bado anatazama. Pale palipofungwa palikuwa kimya. Pingili ya juu yake ndiyo iliyokuwa inainama, inainama kwa niaba ya wenzake waliofungwa.

"Huyu wa juu anapata tabu," akasema.

"Ndiyo, baba. Hiyo ni mojawapo ya vitu ninavyopima."

"Na ile skrubu ya chini, kushoto? Mbona inacheza?"

Rukaiya akasogea, akaangalia kompyuta, akaangalia mfupa. Hakutaka kudanganya, nilimwona. "Imeanza kulegea."

Baba mdogo akanyoosha mkono, akataka kama kuigusa, akaurudisha mfukoni. "Basi," akasema.

"Baba, nisikilize. Huyu amekufa. Mfupa wa aliyekufa hauungi. Wewe ukifungwa, pingili zako zinaanza kushikana zenyewe, zile skrubu..."

"Mwanangu, mifupa nimeanza kuijua hujazaliwa. Mfupa ni mfupa."

Nje akaniambia, "Usiniletee tena habari za skrubu." Akajilaza kwenye Noah, akafumba macho mpaka nyumbani. Siku aliyopangiwa kulazwa hospitali ikafika, hakwenda. Ikapita.

Kwa shangazi, Rukaiya alipanda mwenyewe kuomba msamaha. Nilimleta na mgongo mwingine wa kununua mjini pamoja na mfuko wa sukari. Shangazi akafungua kile kifurushi, akaguna.

"Aisee. Wameupasua kama kuni. Wewe binti, ndiye uliyekula mgongo wangu?"

"Sikuula, bibi. Niliupima."

"Afadhali ungeula. Umepima nini sasa?"

"Namna ya kumsaidia mtu kama mdogo wako asimame."

"Mdogo wangu hasimami kwa sababu ya ukaidi. Hilo halina kipimo." Halafu akamkatia mkungu wa ndizi wa kushuka nao. Mpaka leo akimwona anamwita mwizi wa mgongo, na kila mara hamwachi aondoke mikono mitupu.

Lakini nyumbani kwa baba mdogo hapakuwa na utani. Ulikuwa mwaka mbaya. Alilala kiubavu na mto katikati ya magoti, akiamka Aikande anamvuta kwa mikono miwili. Njia ya kushuka ndiyo iliyokuwa inammaliza, na huku kwetu kila njia ama inapanda ama inashuka. Kanisani alikaa mlangoni ili aweze kutoka katikati ya mahubiri. Alianza kuvuta sigara kama mtu analipwa. Buchani alikuwa kaweka kreti ya soda, anapandisha mguu mmoja juu yake ndipo anakata.

Aikande hakunyamaza. "Unaogopa kisu, wewe mwenye visu."

"Siogopi. Nimeona kwa macho."

"Umeona ng'ombe!"

"Na mimi nimejengwa na nini? Ndizi?"

"Thadeus, mimi nakuvalisha soksi. Nina mgongo wangu pia."

Maneno yale yalimpata, lakini hayakumwondoa pale alipokuwa.

Kilichomwondoa kilikuja siku ya kawaida kabisa, wateja wachache, manyunyu. Nilikuwa nimekaa buchani nasubiri abiria ambao hawaji. Alikuwa anakata mbavu za fahali aliyetoka Mwika. Shoka likashuka, likalia *ting*, likaruka. Akalishusha tena, likaruka tena. Akatukana kidogo. Ubavu mmoja ulikuwa na fundo, limevimba kama goti la mtoto. Wachinjaji wanayajua hayo, yanaharibu makali, wanayakatia pembeni wanatupia mbwa. Mbwa mwenyewe alikuwa pale mlangoni, masikio kayasimamisha, anajua zamu yake.

Baba mdogo akalitoa lile fundo, akanyanyua mkono wa kutupa. Mkono ukabaki juu.

"Lucky, njoo hapa. Shika."

Nikashika. Zito, gumu, halina hata ufa.

"Huyu alivunjika ubavu akiwa hai," akasema. "Labda alianguka, labda alipigwa pembe. Ukavunjika kabisa, unaona ulivyopinda? Ukajiunga. Nani alimfunga?"

"Hamna aliyemfunga."

"Hamna. Na shoka limeshindwa hapo hapo alipovunjikia." Akaligeuza geuza kwenye kiganja. "Haya nimeyatupa maisha yangu yote, mbe. Yote."

Mbwa akalia. Akamtupia mfupa mwingine, mzuri zaidi. Halafu akaniambia nimpigie mwizi wa mgongo.

Nikaweka sauti ya nje. Hakusalimia hata.

"Mwanangu, zile skrubu, kazi yake ni kushika tu?"

"Kushika tu, baba. Kama gango. Mpaka mfupa ushikane wenyewe. Ukishashikana, skrubu haina tena kazi kubwa."

"Na ile ya chini kwenye mashine yako ililegea kwa sababu ilikuwa inashika peke yake."

"Ndiyo. Haikupata mfupa wa kuipokea."

Akalisugua lile fundo kwa kidole gumba. Nikasikia mvua juu ya bati.

"Wangu utashikana?"

"Kwa watu wengi unashikana. Siwezi kukuapia, na daktari pia hawezi. Unavuta sigara?"

Akaitazama ile aliyoishika. "Kidogo."

"Baba."

"Haya, navuta."

"Inachelewesha mfupa. Wakati mwingine inauzuia kabisa. Itupe leo."

"Na kuinama?"

"Pale patakapofungwa hapatainama tena," Rukaiya akasema taratibu. "Pa juu patafanya kazi ya wawili, uliona mwenyewe. Utatembea, nadhani. Mguu utapona, nadhani. Lakini kuchuna ng'ombe chini kwenye majani, baba, sitakudanganya."

"Asante," akasema baba mdogo, akanirudishia simu kabla sijakata. Alikaa juu ya ile kreti, kitu ambacho hakuwa anafanya kwa sababu kunyanyuka ni kazi. Hakusema ana matumaini, wala hakusema kaelewa. Aikande alipokuja kumwita chakula, alimwambia, "Nimechoka, mama. Waambie nakuja kufungwa."

"Umechoka na nini?"

"Na kuwa na mguu."

Kisu cha ukoo akampa Proti, binamu yangu, mbele ya wazee, kabla hajalazwa. Alimweleza kila kipande na mwenyewe. Alipofika mgongo wa chini watu wakaanza kukohoa, na shangazi akasema, "Hapo mwandikie kwenye paji la uso." Baba mdogo naye akacheka, halafu akakaa.

Operesheni ikafanyika. Siku ya pili wakamsimamisha, akalia machozi, akasema haya si ya maumivu, mguu wa kushoto unasikia baridi ya sakafu. Alirudi nyumbani na kovu refu na masharti mengi. Asiiname, asibebe, asijipinde, asikae kwenye kiti laini. Sigara kaacha, na kwa ajili hiyo kawa mkali kama nyuki. Ule moto wa paja umekwisha. Mgongo wenyewe umekaza kama ubao, asubuhi unamwuma namna nyingine, uchungu mzito usiotembea. Nikimwuliza kama ni afadhali, ananiambia, "Ni tofauti."

Wiki iliyopita nilimpeleka kupiga picha. Daktari kaonyesha skrubu nne zimekaa pale pale, na katikati ya pingili kuna kitu cheupe hafifu, kama ukungu wa asubuhi kule juu. Kasema huo ndio mfupa, umeanza. Umeanza tu. Bado miezi, na hauharakishwi na mtu. Baba mdogo aliitazama ile picha kama alivyoitazama ile mashine, halafu akaomba apewe koti lake, kachoka kusimama.

Tulipopita buchani alitaka kuingia. Proti alikuwa kwenye gogo, anapasua paja vibaya, anapigana na kiungo badala ya kukitafuta. Baba mdogo alisogea, mkono ukaenda kwenye kisu wenyewe, mwili ukaanza kushuka, ukagoma. Akabaki wima pale, mkono hewani. Akamwambia Proti kwa mdomo: sogeza juu, hapana, juu, sikiliza mfupa, sasa kata. Proti akakata. Kiungo kikaachia.

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri nusu kilo akamwuliza, "Meku, unarudi lini kwenye kazi yako? Huyu anatupa vipande vya ajabu."

"Sijui, mama," akasema. "Namsubiri mwenye kuamua, na yuko ndani humu, hasemi." Akagusa kiuno chake kwa mgongo wa mkono, akaniashiria twende akalale.